Uaminifu ndio mtaji wa wanunuzi wa ankara na mawakala

Nchini Uingereza, mfanyabiashara aliyeuza bidhaa kwa mkopo anaweza kuuza ankara zake kwa kampuni maalumu badala ya kungoja malipo kwa siku 60 au 90. Kampuni humlipa mapema sehemu kubwa ya deni, mara nyingi asilimia 70 hadi 90. Salio hulipwa mdaiwa anapolipa, baada ya kukatwa ada.

Wateja wengi huletwa na mawakala wa fedha wanaolipwa kamisheni. Wakala akificha ankara zenye mgogoro, kampuni hupata hasara. Kampuni ikichelewesha majibu au kamisheni, wakala huwapeleka wateja kwingine. Ushirikiano hudumu pale taarifa zinapotolewa kamili na ada kuwekwa wazi. Vinginevyo huumia mfanyabiashara, anayekosa fedha za mishahara.