Meli Isiyo na Sanduku

Ukitoka Karatu mjini kuelekea lango la Lodoare, pale pa kuingilia Ngorongoro, unapita maduka mengi ya vinyago. Kuna twiga, vifaru, simba, na Wamasai wembamba wenye mikuki. Kila ambacho mgeni amekuja kukitazama kimechongwa na kupakwa rangi ya viatu ing'ae. Meli huikuti. Nani ahangaike kuchonga meli huku juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, ambako maziwa ya jirani ni Eyasi na Manyara, ya magadi matupu?

Lakini Karatu wapo wazee waliokula chumvi, tena ya bahari. Mmoja wao ni mstaafu wa Kamandi ya Wanamaji ya JWTZ, ambaye sasa analima mahindi na mbaazi. Mjukuu wake anafanya kazi lodji. Mgeni mmoja alimwachia kisanduku cha modeli ya plastiki, manowari ya Kiingereza ya kuunganisha kwa gundi, naye akampelekea babu yake. Mzee aliiunganisha kwa wiki mbili, kisha akaniambia: "Mwanangu, wewe mtu wa magazeti unajua kutafuta. Hii ni ya watu. Nitafutie ile niliyofanyia kazi mimi. Iwe rahisi tu, mikono hii imezoea jembe."

Ombi lenyewe ni dogo. Ila ukianza kulitafutia jibu, unagundua umeingia kwenye historia, na ndiyo sababu naliandika hapa badala ya kumjibu kwa simu.

Tuanze na sanduku lenyewe. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa modeli yake ya kwanza ya meli mwaka 1952: Golden Hind, meli ya Francis Drake. Mwaka uliofuata Revell ya Marekani ikatoa USS Missouri, meli ambayo juu ya sitaha yake Japani ilitia saini kusalimu amri tarehe 2 Septemba 1945. Mwaka 1971 kampuni nne za Shizuoka, Japani, yaani Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, ziligawana orodha ya manowari za vita vile na kuanza kuzitoa zote kwa skeli moja ya 1 kwa 700, zikiwa zimekatwa kwenye mstari wa maji ili zikae mezani kama zinaelea. Unaona mtiririko? Waingereza waliweka sandukuni baharia wao maarufu, Wamarekani ushindi wao, Wajapani meli walizozipoteza. Kila taifa linauza kumbukumbu yake.

Boti ya mzee haimo kwenye kumbukumbu ya taifa lolote lenye kiwanda cha aina hiyo. Yeye alihudumu kwenye boti za doria za aina ya Shanghai, zilizotoka China mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka ileile Wachina na Watanzania walipokuwa wakijenga TAZARA. Ni boti ya chini ya mita 39 kwa urefu na mita 5.4 kwa upana, yenye mizinga midogo na mabaharia wasiofika arobaini. Haikuzamisha Bismarck. Kazi yake ilikuwa kukesha kwenye mwambao wetu, na kukesha hakuna aliyekuchorea picha ya kupamba sanduku.

Majirani zetu nao wana kisa chao. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Mombasa ilipata meli iliyoitwa Rosalind. Wapenzi wa fasihi mmeshalitambua jina. Waingereza walikuwa wameunda kundi la trola za kivita na kuzipa majina ya wahusika wa Shakespeare: Hamlet, Othello, Macbeth, Juliet. Rosalind ni yule binti wa As You Like It anayejivika nguo za kiume, na meli ilifanana na jina lake, kwa sababu trola za kivita ni umbo la chombo cha uvuvi lililovishwa mizinga. Kwenye sitaha yake vijana wa Afrika Mashariki walijifunza ubaharia, chini ya jeshi la majini la kikoloni lililoanzishwa mwaka 1950 na kuvunjwa mwaka 1962. Sisi tunajivunia, kwa haki kabisa, kwamba Mwalimu Nyerere alimleta Shakespeare kwa Kiswahili. Wako watu wa pwani waliokuwa wameshamsugua kwa brashi na sabuni.

Sasa hapa ndipo panaponichoma. Nchi hii ambayo haina boti yake hata moja dukani ndiyo yenye meli iliyowahi kuwa seti ya kuunganisha kwelikweli. Mwaka 1913, kiwanda cha Meyer kule Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli yenye urefu wa mita 71 hivi, kikaifungua tena kipande kwa kipande na kuipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakaja Dar es Salaam kwa meli, yakapanda treni ya reli ya kati hadi Kigoma, reli iliyokuwa imefika ziwani mwaka 1914 tu. Pale ufukweni ikaunganishwa upya, ribiti kwa ribiti, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915, ikafungwa mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Wakaiita Graf von Götzen, jina la gavana aliyeizima Maji Maji kwa risasi na njaa. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasiiache kwa adui, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito, kama mtu anayejua atarudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kisa hiki kimeliwa sana na fasihi. C. S. Forester aliandika The African Queen mwaka 1935, na mwaka 1951 John Huston akaifanya filamu. Mwingereza Spicer-Simson, aliyeleta boti mbili, Mimi na Toutou, kwa reli na kwa kukokotwa porini hadi Tanganyika, ameandikiwa vitabu. Hata mafundi watatu waliotumwa kutoka Papenburg wanajulikana kwa majina: Rüter, Wendt na Tellmann. Vibarua wa Kiafrika waliobeba zile sahani za chuma na kuzishikilia zikipigwa ribiti wamebaki "wenyeji". Modeli kubwa kuliko zote iliunganishwa na mikono yao, na sanduku halikuwaandika.

Usidhani ni tabia ya majini peke yake. Shuka bondeni Ngorongoro, karibu na mto Munge, kuna mabaki ya nyumba ya Siedentopf, Mjerumani aliyefuga humo kreta kabla ya Vita ya Kwanza. Jina lake tunalo. Waliomchungia ng'ombe hatunao.

Kwa hiyo, tufanyeje na ombi la mzee? Nitaeleza nilichojifunza, maana najua kuna wasomaji wenye baba au babu wa namna hii.

Kwanza, ukikosa meli yenyewe, tafuta meli dada, yaani ya muundo uleule. Zinatofautiana namba ubavuni na vitu vidogo vidogo. Ukikosa dada, tafuta binamu. Mtu wa Rosalind, kwa mfano, anaweza kuangalia korveti za aina ya Flower, ambazo Matchbox ilizitoa kwa skeli ya 1 kwa 72. Ila soma vipimo kabla hujatoa hela: modeli hiyo ina karibu sentimita 87. Si ya anayeanza, hiyo ni fanicha.

Pili, skeli si urembo, ni hesabu. Boti ya mzee kwa 1 kwa 700 ingekuwa sentimita tano na nusu, fupi kuliko kidole cha kati. Macho ya miaka sabini hayawezi. Anayeanza anahitaji vipande vichache na vikubwa, vya plastiki tupu bila vile vyuma vyembamba kama wembe, na meli iliyokatwa kwenye mstari wa maji. Hata hivyo baharia haikumbuki meli yake kwa chini.

Tatu, na hapa ndipo tulipofika sisi: kadibodi. Chukua skeli ya 1 kwa 100, sentimita moja kwa kila mita moja. Rula ya mtoto wa shule inatosha. Boti ya mita 39 inakuwa sentimita 39. Boksi la katoni, gundi nyeupe, mkasi, rangi ya kijivu. Mlingoti ni kijiti cha mshikaki.

Hapo ndipo mzee alipoacha kuwa mteja akawa mwandishi. Mchoro niliokuwa nao ulionyesha mizinga na urefu. Yeye alianza na mahali alipolala. Akaweka alama ya penseli pale walipoanikia nguo, kinyume cha taratibu. Akaonyesha ukingo ambao mwenzake mmoja alikuwa akiushika kila wakivuka maji mabaya, hadi rangi ikatoka. "Hapa usipake," akasema. Wanajeshi wetu hawakupiga picha ovyo kazini, na kambi haipigwi picha. Kwa hiyo kile kipande cha kadibodi kisichopakwa rangi ni kumbukumbu ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote, na kama angepata sanduku la dukani, angefuata maelekezo ya namba moja hadi arobaini na kunyamaza.

Ndiyo maana siku hizi sisikitiki sana kwamba meli zetu hazina sanduku. Hasara ipo, kusema ukweli. Lakini sanduku humwambia mtu meli yake ilikuwaje. Kadibodi humuuliza, na wazee wetu hawataulizwa kwa miaka mingi zaidi.

Kama una mzee wa majini nyumbani, awe wa Kigamboni, Mtongwe, au fundi wa Liemba, nenda na rula. Na kabla hamjagandisha sitaha, mwachie kalamu aandike kwa ndani majina ya waliokuwa zamu naye. Hayataonekana kwa nje, lakini safari hii yatakuwemo.