Kurumbiza na Vichaka vya Usukuma

Wapenzi wa ushairi wa pwani aghalabu hulijua jina la kurumbiza kabla ya kumjua ndege mwenyewe. Jina hilo limewahi kupewa ndege zaidi ya mmoja mwenye sauti tamu, lakini siku hizi vitabu vya ndege vimelifunga kwa jamii moja ya waimbaji wa vichakani, na mashuhuri wao ni kurumbiza mwenye nyusi nyeupe. Yuko pwani, yuko bara, na kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, huko Mwanza, ni miongoni mwa wa kwanza kusikika alfajiri, giza likiwa bado halijapasuka.

Si ndege mkubwa. Urefu wake ni kama sentimita 20. Kichwa ni cheusi, juu ya jicho umepita mstari mweupe, na kuanzia kooni hadi tumboni ni rangi ya chungwa lililoiva. Uzuri wote huo huuficha chini ya kichaka, akirukaruka juu ya majani makavu kutafuta mchwa, sisimizi na mbawakawa. Hutaga mayai mawili au matatu katika uwazi wa kisiki au panda ya mti, na mara nyingine kekeo, yule ndege ambaye kilio chake watu hukihesabu kuwa habari ya mvua, humwekea yai lake humo amlelee mtoto.

Lakini habari ya kurumbiza ni sauti. Huanza kwa mnong'ono, akiurudia msemo mmoja. Kila marudio sauti hupanda, hata mwishoni kichaka kizima huwa kama kinatetemeka. Kisha hunyamaza ghafla. Asiyejua hudhani amemsikia ndege mmoja. Hasha. Mara nyingi ni wawili: dume hutoa mshororo, na jike huupachika sauti nyembamba ya juu pale pale penye kituo, bila kupoteza mizani. Mtu wa pwani, aliyezoea washairi kujibizana kwa beti, angeweza kuyaita hayo malumbano; ila hawa wawili hawashindani, wanailinda milki yao moja dhidi ya majirani.

Elimu ya ndege ya karne ya 19 ilikuwa elimu ya ngozi. Mwaka 1866 Gustav Hartlaub, daktari wa mji wa Bremen, alimpa ndege huyu jina la kisayansi, Cossypha heuglini, kwa heshima ya Theodor von Heuglin, Mjerumani mwenziwe aliyesafiri katika nchi za Nile ya juu. Hartlaub huyo huyo ndiye aliyepokea ngozi za ndege kutoka kwa Emin Pasha, daktari mwingine, ambaye mwaka 1890 alikuja kuanzisha kituo cha Bukoba upande wa magharibi wa ziwa, na akauawa Kongo mwaka 1892. Ndege aliyepigwa risasi, akachunwa na kujazwa pamba, anabaki na kila kitu isipokuwa kile ambacho watu wa Mwanza wanamjulia.

Mtu mwingine wa elimu hiyo alifika Usukuma baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Charles Swynnerton, Mwingereza, alikuwa mkulima karibu na msitu wa Chirinda katika Zimbabwe ya leo, na mwaka 1906 ndege mdogo wa msitu ule, wa jamaa za kurumbiza, aliitwa kwa jina lake. Mwaka 1919 akafanywa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Malale yalipozuka si mbali na Mwanza mwaka 1922, ndiye aliyeyachunguza, na mwaka uliofuata mbung'o wa nchi ile naye akapewa jina la Swynnerton. Jina moja likatua juu ya mwimbaji na juu ya mwenye kueneza mauti.

Mbung'o hutaka kivuli. Kivuli kikiondolewa, hana makao. Basi huko Shinyanga, kusini ya Mwanza, Swynnerton aliwashauri watemi, na watu wakatoka kwa maelfu na mashoka kufyeka vichaka. Kazi ilifaa. Ng'ombe walirudi, mashamba yakafunguka, na si haki kwa anayekaa mbali leo kuwalaumu wakataji, kwa kuwa wagonjwa walikuwa ndugu zao. Lakini shoka halichagui. Kichaka kilichomfuga mbung'o ndicho kilichomsitiri kurumbiza, na mtu aliyewapenda ndege kiasi cha kupewa jina la mmoja wao ndiye aliyeongoza ufyekaji huo. Swynnerton alikufa mwaka 1938 kwa ajali ya eropleni. Baada yake zilikuja pamba, kuni na mifugo mingi, hata sehemu kubwa ya Usukuma ikabaki uwanda mtupu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na kilichorudisha miti kwa kasi hakikuwa miche ya vitalu bali ngitili, desturi ya Wasukuma wenyewe ya kutenga malisho yasiguswe kwa msimu. Mzizi wa kichaka ulikuwa bado uhai chini ya ardhi.

Mwanza mjini ulinzi ulikuwa wa namna nyingine. Kati ya mawe makubwa ya vilima vyake jembe halipiti, na penye nyufa hizo vichaka vilisalia. Mkabala na Capri Point kipo kisiwa cha Saanane, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na hifadhi ya taifa mwaka 2013. Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima aliyeishi pale, akahamishwa ili wanyama wawekwe. Jina lake walau lilibaki mahali alipokaa, jambo ambalo Heuglin hawezi kulidai Mwanza. Jioni, jua likishuka, kwenye ua wa bustani upande wa bara dume huanza tena kwa mnong'ono, na jike hungoja kituo chake.