Bunduki bila baruti ni rungu tu

Kwa miaka mingi nimesahihisha karatasi za wanafunzi zinazodai kwamba jamii za ukingo wa Ziwa Victoria zilishindwa na wakoloni kwa sababu hazikuwa na bunduki. Mtahini huweka alama ya vyema, mambo yakaisha. Mimi huweka alama ya kuuliza. Dai hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki imejificha katika maneno ya Kiswahili tunayoyatumia kila siku.

Hebu tuyafungue maneno hayo. Bunduki limetoka katika Kiarabu. Lilikuwa jina la aina ya njugu, kisha likawa jina la kitufe cha kurusha kwa upinde, na mwishowe likawa jina la silaha yenyewe. Risasi ni jina la madini. Ndiyo maana hata leo twaonywa kuhusu rangi yenye madini ya risasi. Baruti ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, makaa na kibiriti upele. Hicho cha tatu ndicho kilichotuachia kiberiti cha jikoni, ingawa wengi wetu tukiwasha jiko hatukumbuki kwamba tunataja jina la madini. Kisha kuna fataki, ambayo leo ni ya sherehe za mwaka mpya. Zamani ilikuwa kifuniko kidogo cha shaba kilichogongwa na nyundo ya bunduki ili kuiwasha baruti.

Basi kwa mwenye gobori, hivyo vilikuwa vitu mbalimbali. Alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akashindilia, akatia risasi, akaweka fataki au akategemea jiwe la kutoa cheche. Gobori lilikuwa zito na la polepole, lakini halikuchagua chakula. Baruti ikiwa hafifu, uliongeza kidogo. Risasi ikikosekana, ulitia vipande vya chuma au hata kokoto. Shabaha iliharibika, ndiyo, lakini silaha bado ililia.

Mambo yalibadilika Ulaya ilipounganisha vitu hivyo vyote ndani ya ganda moja. Uingereza ilianza kutumia Snider mwaka 1866, kisha Martini-Henry mwaka 1871. Risasi moja ya Martini-Henry ilibeba takriban gramu 5.5 za baruti nyeusi nyuma ya kipande cha madini chenye uzito wa gramu 31 hivi. Kiswahili hakikuunda jina jipya la kifurushi hicho. Kilichukua jina la sehemu moja, risasi, kikalibandika juu ya kitu kizima. Hapo ndipo historia ilipotuponyoka. Tukisema mtu alikuwa na bunduki ila hakuwa na risasi, tunadhani alikosa kijiwe tu. La! Alikosa ganda, baruti, fataki na kijiwe kwa pamoja, vyote vya kipimo kimoja, kutoka kiwanda cha ng'ambo. Snider isiyo na risasi zake ni rungu tu, tena rungu la bei ghali.

Sasa turudi ziwani. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa ikifika Mumias kabla ya serikali yoyote ya kikoloni. Joseph Thomson alipofika huko mwishoni mwa 1883, aliongozwa na watu walioijua njia. Bunduki zilipita katika njia hiyohiyo, na Wajaluo wakazipa jina bunde, ambalo sikio la Mswahili halihitaji mkalimani kulitambua. Wabukusu nao walikuwa nazo. Mwishoni mwa 1894, askari wa Kisudani walitumwa kwao kudai silaha za serikali, wakauawa. Mwaka uliofuata C. W. Hobley alikwenda na jeshi la Wasudani, Waganda na wengineo, wakiwa na bunduki ya Maxim, wakazivunja ngome za Lumboka na Chetambe. Jamani, vita vilivyochochewa na bunduki vitasemwaje kwamba mmoja hakuwa nazo?

Walichokosa ni njia ya kuzilisha. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umeweka vikwazo vya silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Chini ya masharti yake, gobori la jiwe na baruti ya kawaida vingeweza kuruhusiwa mahali fulani, lakini bunduki za kisasa na risasi zake zilizuiwa. Waliouandika walijua vyema kwamba anayeshika ghala la risasi hana haja ya kuhesabu bunduki za jirani. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, ghala hilo likasogea hadi ufukweni.

Msomaji asidhani shida hii iliwapata Waafrika peke yao. Mwaka 1914 vita vya Wazungu vilifika ziwani. Tarehe 12 Septemba walipigana Kisii, na siku zizo hizo meli ya Winifred kutoka Kisumu ilikabiliwa na Muansa ya Wajerumani huko Karungu. Makampuni mengi ya askari wa Wajerumani yalikuwa bado na bunduki ya mtindo wa 1871, yenye baruti nyeusi. Kila askari alipofyatua, wingu jeupe lilimfichua alipo. Aprili 1915 meli Rubens iliwaletea bunduki mpya, ikashambuliwa katika ghuba ya Mansa, kaskazini mwa Tanga, na shehena ikalowa maji ya bahari. Wajerumani waliiopoa. Ikabidi risasi zifunguliwe, baruti isafishwe, na fataki zilizoharibika zibadilishwe. Dola la Ulaya, likiwa limezingirwa, lilirudi kwenye hesabu za mwenye gobori: ganda, baruti, fataki, kijiwe.

Kwa nini nayasisitiza haya? Kwa sababu mtoto anayefundishwa kwamba babu zake hawakuwa na bunduki hufundishwa pia, kimyakimya, kwamba hawakuijua dunia ilikokuwa ikienda. Waliijua. Walinunua, walibadilishana, walipokonya, na walijenga ngome. Walifungiwa dukani, na kufungiwa si ujinga.

Walimu wenzangu, acheni kuandika "hawakuwa na bunduki". Andikeni kwamba walinyimwa risasi, kisha mweleze risasi ni nini. Nanyi watunga kamusi, ganda, baruti, fataki na kijiwe vipeni vidahizo vinavyotenganisha maana ya zamani na ya sasa. Wazee wa Uyoma, Seme na Sakwa, ambako jeshi la Hobley lilifika mwaka 1899, wana maneno yao ya vitu hivi. Yakusanywe sasa, maana wanaoyakumbuka hawaongezeki.