Fainali Ambayo Baba Anaisimulia Nusu
Baba ni Simba kindakindaki, ila mwaka 1993 anausimulia nusu. Fainali ya Kombe la CAF, mechi ya kwanza, Abidjan: Stella 0, Simba 0. Hapo ananyanyuka kitini kuonyesha mabeki walivyokaba. Ya marudiano, Dar es Salaam, mpaka nimchokonoe. Watu walienda Uwanja wa Taifa kupokea kombe, siyo kutazama mpira. Stella wakashinda 2-0, wakaondoka nalo. Mimi nilikuwa mdogo. Namkumbuka mama tu, akizima redio. Kazini nimeandika sana Simba kuing'oa Zamalek 2003, maana ushindi unauzika. Lakini nikimuuliza Baba siku ile alikaa jukwaa gani, ananijibu, “Chai yako inapoa, mwanangu.”