Mji Uliopangwa kwa Mteremko

Reli kutoka Mombasa ilipofika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, wahandisi walitaka kitu kimoja tu: uwanja tambarare wa kuegesha mabehewa kabla ya kuukabili mlima wa Limuru. Uwanja waliupata kwenye malisho ya Wamaasai, penye majimaji na mbu. Nani angetia nia ya kujenga mji mkuu hapo? Lakini karakana ilizaa maduka, na maduka yakazaa msongamano. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika mtaa wa Wahindi, na dawa ya wakubwa ikawa kiberiti: mtaa wote ukateketezwa. Madaktari walishauri mji uhamishwe. Haukuhama, kwa kuwa reli ilikwisha kuzika fedha zake pale.

Walichofanya wakubwa ni kuhama wenyewe. Walipanda kilimani, magharibi mwa stesheni, kwenye udongo mwekundu usiotuamisha maji. Wahindi wakapata Ngara na Parklands. Waafrika, waliobeba kipande cha utambulisho shingoni, walisukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaong'ang'ania kiatu mvua ikinyesha. Pumwani ikaanzishwa kwa ajili yao miaka ya 1920. Ubaguzi wa Nairobi ulifuata mteremko wa ardhi, na hata leo anayepanda matatu kutoka Eastleigh hadi Lavington huuona dirishani bila kusimuliwa.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba magharibi palikuwa pori tupu. Miaka tisa kabla ya reli, Mwingereza Lugard alijenga boma Dagoretti baada ya kupatana na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu. Mapatano hayakudumu. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akafia Kibwezi akiwa njiani kupelekwa pwani. Barabara kuu ya kuelekea Naivasha ina jina lake, na wengi wanaokwama humo kwenye foleni humtaja kila siku pasipo kumkumbuka. Jirani na hapo mapadri Wafaransa wa St. Austin's walipanda kahawa. Siku hizi kinachoota huko ni maghorofa.

Ni Kibera, nayo ya upande wa magharibi, iliyouvuruga mpango wa wakubwa. Askari Wanubi waliolitumikia jeshi la Waingereza walipewa msitu uliokuwa huko, na mwaka 1918 serikali ikautangaza rasmi kuwa eneo la jeshi, ekari 4,000 na ushei. Hati hawakupewa. Walihesabiwa wapangaji wa serikali tu, na ardhi ikamegwa kidogo kidogo, huku uwanja wa gofu ukistawi ng'ambo ya uzio. Nairobi ilitangazwa jiji mwaka 1950, bendera ikabadilika mwaka 1963, mitaa ikabatizwa upya: Delamere akampisha Kenyatta, Hardinge akampisha Kimathi. Wanubi waliendelea kungoja. Hati yao ilitoka mwaka 2017, ya ekari 288.