Kupanda kwa sauti katika Kiingereza: Swali, shaka au taarifa?

KIIMBO ni namna sauti inavyopanda na kushuka sentensi inapotamkwa. Katika Kiingereza, kupanda huko huweza kugeuza maana ilhali maneno yamebaki yale yale.

Mwanafunzi wa Machakos aliyelelewa katika Kikamba si mgeni wa jambo hili. Kikamba ni lugha ya toni, na kidatu cha silabi huweza kutofautisha neno na neno. Kiswahili hakina toni za aina hiyo. Sauti hupanda au kushuka kwa ajili ya sentensi nzima. "Amefika" ikishuka ni taarifa, ikipanda ni swali, hata pasipo "je". Hapo Kiswahili hukaribiana na Kiingereza, na ndipo ifaapo kuanzia.

Taabu huzuka mtu anapodhani kila swali hupandishwa. Maswali ya ndiyo au la, kama "Are you ready?", aghalabu hupanda. Yanayoanza kwa "what", "where" au "why" kwa kawaida hushuka. Sauti ikipandishwa kwenye "where" lenyewe, msikilizaji hudhani jibu lake halikusikika, akalirudia.

Utata zaidi umo katika vijiswali vya mwishoni. Karani wa shule akimwambia mzazi, "You paid the fees, didn't you?" huku sauti ikipanda, hana hakika na anauliza kwa dhati. Ikishuka, anaamini karo imelipwa na anataka kuthibitishiwa tu. Mzazi asiyeitambua tofauti hiyo huenda akajitetea bila kushtakiwa.

Ajabu ni kwamba katika mtihani wa KCSE, stadi za kuzungumza hupewa alama 30 kati ya 60 za karatasi ya kwanza ya Kiingereza, lakini hujibiwa kwa maandishi. Mtahiniwa huweza kutakiwa aeleze iwapo sauti hupanda au hushuka, wala hakuna mtahini anayemsikia. Kanuni hukaririwa, ulimi ukabaki nyuma.

Nchini Australia na New Zealand, wasemaji wengi, hasa vijana, hupandisha hata taarifa za kawaida. Katika usaili wa kazi, mazoea hayo huweza kumfanya msemaji aonekane mwenye shaka na jina lake mwenyewe.

Katika orodha, kila kitu hupandishwa isipokuwa cha mwisho. Mchuuzi anayemtajia mgeni maembe, machungwa na maharagwe kwa Kiingereza, akipandisha pia maharagwe, mgeni atasimama akingoja bidhaa ya nne.