Karne moja tangu kuzingirwa kwa Mafikeng: Waliosahaulika wakumbukwa

MJI wa Mafikeng, kaskazini magharibi mwa Afrika Kusini, ulipotimiza miaka 100 tangu uzingirwe na majeshi ya Makaburu, kumbukumbu hiyo ilizua swali zito: je, ushindi ule ulikuwa wa nani?

Mji huo, ambao siku hizi huitwa Mahikeng, ulizingirwa kuanzia Oktoba 13, 1899 hadi Mei 17, 1900, jumla ya siku 217. Kwa miongo mingi sifa zilimwendea kamanda wa Uingereza, Kanali Robert Baden-Powell, ambaye baadaye alianzisha chama cha Skauti. Ndiye aliyefariki Januari 8, 1941 na kuzikwa Nyeri, nchini Kenya.

Hata hivyo, kando ya makazi ya Wazungu palikuwa na kijiji kikubwa cha Waafrika wa jamii ya Barolong, ambao walishika silaha kulinda upande wao. Mnamo Mei 12, 1900, kikosi cha Sarel Eloff, mjukuu wa Rais Paul Kruger, kilipenya kupitia kijiji hicho. Barolong walisaidia kukikatia njia ya kurudi, hata Eloff akasalimu amri. Aidha, Waafrika ndio walioumizwa zaidi na njaa, hasa wakimbizi waliokuwa mjini.

Mengi ya hayo yaliandikwa na Sol Plaatje, mkalimani wa mahakama aliyekuwa na umri wa miaka 23. Shajara yake ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1973, miaka 41 baada ya kifo chake. Toleo maalumu la kuadhimisha karne hiyo lilitolewa 1999.

Oktoba mwaka huo, Rais Thabo Mbeki alizindua maadhimisho ya kitaifa mjini Brandfort, akiwepo pia Duke wa Kent kutoka Uingereza. Jina 'Vita vya Afrika Kusini' lilipendelewa badala ya 'Vita vya Waingereza na Makaburu', kwa kuwa damu iliyomwagika haikuwa ya Wazungu pekee.

Lakini heshima hiyo ilichelewa mno. Mwaka wa 1913, Sheria ya Ardhi iliwazuia Waafrika kununua mashamba katika sehemu kubwa ya nchi. Plaatje, katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, alisafiri hadi London kuipinga, asifaulu. Waliousaidia ufalme kuulinda mji wakawa wageni katika ardhi yao wenyewe.